Vijiti vya mkojo vya glukosi na ketoni: nunua kwa ajili ya pedi moja tu

Kichupa cha vijiti vyenye pedi mbili, ya glukosi (sukari) na ya ketoni (asidi ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta badala ya sukari), si kitu kigumu kupata kwenye maduka ya dawa ya mitaa ya Tom Mboya na River Road, Nairobi. Hakina betri, hakitoboi kidole, na kemikali yake inafanya kazi inavyopaswa. Shida ni kwamba jibu haliji kwa namba. Linakuja kwa rangi, na kisukari chenyewe hudhoofisha uwezo wa jicho kutofautisha rangi. Kwa aliyeishi na ugonjwa huu miaka mingi, pedi ya ketoni ina thamani yake. Ile ya glukosi hatuipendekezi.

Rangi zinazoathirika kwanza ni za upande wa buluu na manjano. Seli zinazopokea buluu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni chache kuliko nyingine za rangi, na kisukari huelekea kuziumiza mapema, wakati mwingine kabla daktari hajaona dosari yoyote nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho huongeza tatizo, maana lenzi iliyogeuka manjano huzuia mwanga wa buluu. Tiba ya leza kwenye retina pia inaweza kuliongeza. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana habari: anaona tu kwamba buluu na kijani zimekaribiana, na lawama anaitupia balbu.

Sasa tazama chati iliyo ubavuni mwa kichupa. Kwenye chapa nyingi, glukosi hasi ni buluu ya kijani, inayofuata ni kijani, halafu kijani kinachoelekea kahawia, na mwisho kahawia iliyoiva. Hatua za mwanzo, kwa kawaida hasi, 5.5 na 14 mmol/L, hutofautiana zaidi kwa kiasi cha buluu kilichobaki kwenye pedi, yaani kile kile ambacho jicho hili limepoteza. Mtu anaweza kutazama 14 akaandika hasi, bila kusita.

Hata kwa jicho zima pedi hiyo inasema machache. Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo damu ikipita takriban 10 mmol/L, kwa hiyo hasi haikuambii kama uko 9 au umeshuka hadi 3, na 3 ni hatari. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin, vidonge vya kisukari vinavyotoa sukari kupitia mkojo, atakuta sukari kwenye mkojo kila siku, kwa sababu ndivyo dawa hizo zinavyofanya kazi. Vitamini C nyingi nayo hushusha jibu. Sukari pima kwa mashine ya damu, na kama mashine ina alama za kijani na nyekundu, ziache, soma namba.

Ketoni ni habari nyingine. Pedi hutoka rangi hafifu ya maziwa, ikapita waridi, ikaishia zambarau iliyoiva. Inazidi kuwa nyeusi kadiri ketoni zinavyopanda, na weusi huo jicho linauona hata rangi ikipotea. Kutofautisha hasi na 0.5 bado ni kazi, lakini 4 au 8 mmol/L haijifichi.

Kusoma kunataka nidhamu. Chovya pedi zote mbili kwenye mkojo uliotoka sasa hivi, toa mara moja, gusisha ukingo wa kijiti kwenye mdomo wa kikopo ili mkojo wa ziada udondoke, kisha kishike kikiwa kimelala ili kemikali ya pedi moja isiingie kwenye nyingine. Washa saa ya simu. Chapa nyingi husoma ketoni kwa sekunde 15 au 40 na glukosi kwa 30. Fuata karatasi ya kichupa chako. Baada ya dakika mbili rangi imeendelea kubadilika na jibu halina maana tena.

Mwanga ndio unaowaangusha wengi. Balbu ya manjano hufuta tofauti ya buluu na kijani hata kwa mwenye macho mazuri. Kwenye vyumba vya mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambavyo dirisha linatazama ukuta wa jirani, saa sita mchana bado ni giza. Toka nje au panda juu ya paa, simama kivulini, weka karatasi nyeupe nyuma ya kijiti. Kivuli cha turubai la rangi hakifai. Ukimtumia binti yako picha kwa WhatsApp akusomee, kijiti na chati viwe kwenye picha moja, kwa sababu kamera hurekebisha rangi kila picha kivyake.

Kichupa kifunikwe papo hapo, kikaushio kibaki ndani, kisiwekwe friji wala bafuni. Andika tarehe ya kukifungua. Pedi iliyobadilika rangi kabla ya kuchovywa, tupa.

Usijipe moyo kwa kuwa duka la miwani lilikuonyesha kitabu cha namba za vitone ukazisoma zote. Kipimo hicho cha Ishihara, cha mwaka 1917, hutafuta upungufu wa nyekundu na kijani. Huu wa buluu kinaupita bila kuuona. Omba kipimo cha Farnsworth D-15, cha kupanga vifuniko 15 vya rangi, jicho moja baada ya jingine. Tena hakichukui nafasi ya uchunguzi wa retina wa kila mwaka, kwa dawa ya kupanua mboni au kwa picha.

Mwenye uwezo anunue mashine inayopima ketoni za damu: chini ya 0.6 mmol/L ni salama, 3 na zaidi ni dharura. Asiye nayo aweke vijiti kwa siku ya homa, ya kutapika, au sukari ya damu ikipita 14 mmol/L. Wanaomeza dapagliflozin au empagliflozin wapime ketoni wakiugua hata sukari ikiwa ya kawaida, maana ketoni zao zinaweza kupanda kimyakimya. Pedi ikiiva zambarau na mtu anatapika au anahema kwa nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje kijiti cha pili.