Muli ya bloki ya kukodi: siku 11 ya kujiongezea nyumba Goma

Nianze na ile batu bananiuliza kila siku: ndiyo, nilikodi muli ya mukono, ile chuma unajaza beto (zege), unashindilia, unainua, bloki inabakia chini. Dola 5 kwa siku, siku 11, bloki 621 kufatana na hesabu ya papa, na papa kwa kuhesabu hakosi. Tukajenga byumba mbili na dushi nyuma ya nyumba yetu, mu kartie ya Murara. Kama unatafuta kuokoa pesa, siyo hii njia, nakwambia mapema usije kunilaumu. Lakini kama nina kazi ingine nitakodi tena. Sasa ngoja nieleze vile hizo mbili zinaenda pamoja.

Nyumba yetu ni ya mbao. Ile ya kwanza lava ya Nyiragongo, volkano ya hapa, iliibeba yote Januari 2002, nilikuwa mutoto wa miaka 9, na wakati jiwe lilipoa papa alirudi palepale akasimamisha ya mbao juu ya lava, sawa bajirani bengi. Alisema ni ya kusubiria tu. Amesubiri miaka 23. Sasa yaya yangu, dada mukubwa, amerudi na batoto bane, tukawa batu 9 mu byumba tatu, na kukodi nyumba ingine hapa Goma na mushahara ya mwalimu, acha tu. Kaka mwenye anakaa inje akasema atatuma pesa kidogo kidogo ku simu, juu banki zilifungwa hapa Januari 2025, na kila ukitoa hiyo pesa kuna mutu anakata yake, ukihesabu mwisho unaona umejengea batu ba simu chumba pia.

Juu ya nini nisinunue bloki tayari? Nilinunua! 50, kwa muuzaji wa kando ya barabara, senti 90 moya mpaka ku mulango. Moya ikaniponyoka mukononi, hata kiuno haikufika, ilikuwa ku magoti tu, ikawa unga. Unga kabisa, sawa biskwi ya batoto. Nikarudi kumuuliza mufuko moya wa simenti anatoa bloki ngapi, akacheka akasema "mama, biashara." Kijana mwenye alikuwa anapakia akanijibu pembeni: 45. Na mufuko wa kilo 50, kwa bloki ya santimita 15, fundi yetu anasema ukipita 30 unajidanganya. Pale ndiyo nikaanza kutafuta muli.

Muli yenyewe ni kitu rahisi, sanduku ya chuma bila chini, iko na mikono mbili na ile bitu ya katikati ya kutoboa matundu. Inatoa bloki ya 40 kwa 20 kwa 15. Inahitaji nafasi yenye iko sawasawa, na ku Murara nafasi sawasawa ni nani anayo, sisi tunaishi juu ya mugongo wa lava! Tulitandika muchanga kwanza, juu yake mbao za zamani za papa, ndiyo tukapata fasi ya kupigia.

Siku ya kwanza nilitoa 31 na sehemu ikaanguka wakati nainua, juu niliweka maji mingi. Nilifikiri beto ni sawa bugali, ikilainika ndiyo muzuri. Kumbe kwa bloki inapaswa kuwa karibu kavu: unakamata mu mukono unafinya, ikibakia na umbo ya vidole na hakuna tone yenye inatoka, ni sawa. Ikichuruzika ongeza muchanga, ikivunjika mu mukono ongeza maji kidogo sana, kwa kikombe siyo kwa bido (jerikani). Tulikuwa tunachanganya mufuko moya na burueti (toroli) 4 za muchanga mweusi pamoja na changarawe ndogo ya volkano, inatoka 27, wakati ingine 28. Mujukuu wa papa, mutoto mukubwa wa yaya, miaka 17, ndiye alikuwa anashindilia. Siku ya pili 52. Mwisho tulikuwa tunafika 85 na mangaribi hakuna mwenye anaweza kuinua hata kikombe ya chai.

Batu ba barabara walisimama kuangalia, mwanamuke anapiga bloki, bakacheka. Nikabauliza bamama benye banavunja mawe kila siku mu huu muji na nyundo, hao banabachekaga pia? Bakaenda.

Sasa shida. Siku ya tatu, tuko na bloki 141 chini, fundi anapita kuangalia, anaweka ekeri yake, ile chuma ya kupima pembe, juu ya moya, ananyamaza. Anaweka ku ingine. Pembe moya iko chini milimita 8 ku zote. Muli ilikuwa imepinda upande moya, inaonekana ilianguka kwa mutu mwenye alikodi mbele yangu. Milimita 8 unaona ni kitu bure, lakini ukuta ya mita 2 na 80 iko na misitari 13 ya bloki, na kila musitari utatafuta usawa na morta, na morta ni simenti, na simenti ilikuwa dola 13 mufuko. Nikapeleka muli kwa mwenyewe. Akaniambia ni muchanga wangu. Muchanga! Nikaweka ekeri ndani ya chuma yake mbele ya macho yake na ya bakiliya bake babili, ndiyo akatoa ingine, mupya zaidi, sawa kabisa. Lakini ile siku ya kwenda kubadilisha alinihesabia dola 5, na siku ingine yenye hatukupata maji alinihesabia pia. Kuhusu maji nakubali, siyo kosa yake. Kuhusu muli yake kupinda, hapana, bado inaniuma.

Zile bloki za pembe chini hatukutupa. Zilienda ku ukuta ya dushi, pale hakuna mwenye ataleta nivo.

Maji sasa. Hii ndiyo sehemu yenye hakuna mutu aliniambia, kila mutu anazungumza simenti simenti. Robine ya avenyu yetu inatoka mara mbili kwa juma, usiku, na mustari wa bido unaanza mangaribi. Kupiga bloki yenyewe haikuli maji mingi, mufuko moya inataka kama bido moya na nusu. Maji inaenda ku kumwagilia! Bloki ikikauka haraka na jua na upepo, inakuwa na nyufa na inakatika sawa ile ya muuzaji. Unafunika na bashi, unamwagilia asubui na mangaribi, siku 7 isipungue, na usijengee mbele ya juma mbili. Kazi hiyo ilikuwa ya papa. Ana miaka 71, alikuwa anapita na arozwari kati ya bloki sawa mutu mwenye bustani ya shu, anahesabu kwa sauti, akifika 300 mutoto akimusemesha anaanza tena moya. Bido 160 kwa jumla, franka 500 moya, bingi bililetwa na chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, kutoka ku ziwa. Ni karibu dola 35 ya maji, ya kumwagia chini.

Basi hesabu, kwa benye banapenda hesabu. Simenti mifuko 23, dola 299. Muchanga na changarawe, fuso mbili, 150. Muli 55. Maji 35. Inafanya 539. Zile 621 kama ningenunua tayari kwa senti 90 ingekuwa 559. Niliokoa dola 20! Na mutoto wa yaya alikula dola 20 ya sambaza (samaki ndogo ya ziwa) na bugali mu siku tatu za kwanza. Mugongo wangu sijauhesabu.

Lakini chukua bloki yangu ya mufuko wa 27, iangushe ku kiuno, juu ya lava. Tulifanya. Inatoka kona kidogo, basi. Hiyo ndiyo nililipia, na kwa bei ya unga nilipata jiwe.

Kujenga sasa nitapita haraka juu sehemu kubwa haikuwa yangu. Fondasio hapa hauchimbi, uko tayari juu ya jiwe, unavunja tu yenye inatokeza na mase na mutalimbo, unapanga mawe na morta mpaka inakuwa nivo. Mawe ilitoka mu parseli, bure. Fundi alisimamisha pembe zote, mimi na mutoto tulijaza katikati na kamba, musitari kwa musitari, na krepi (plasta) ya ndani ni yangu, inaonekana pia ni yangu, muje muangalie mawimbi.

Tuligombana na fundi fasi moya tu. Yeye alitaka kufunga ukuta mupya ku nguzo za mbao za nyumba ya zamani na feraboto (chuma ya beto), eti bishikane. Nikakataa. Mwenye alikuwa Goma kisha tarehe 22 Mei 2021, wakati volkano ilitoka na ardhi ikaendelea kutetemeka siku na siku, anajua: nyumba ya mbao ilikuwa inacheza tu, inalia kwii kwii, na nyumba za beto na mawe ndizo zilipasuka. Yetu ilibaki muzima. Sasa uchukue ile yenye inacheza uifunge ku ile haichezi, moya itavuta ingine. Tukaacha santimita 3 kati, shenaje ya beto inazunguka ukuta mupya yote juu na feraboto ndani, paa yake pekee. Fundi alinuna siku mbili.

Ile nafasi ya santimita 3 ilituletea yake pia. Mvua ya kwanza ikaingia pale pale, chumba ya batoto ikawa ziwa Kivu. Tulikata manjanja (bati) bapa, tukaikunja, ikafunika pa kukutana, imepigwa misumari upande moya tu ili ingine iteleze, na gudroni (lami) chini. Haijavuja tena. Na ukiweka manjanja hapa piga rangi mapema, ile moshi ya Nyiragongo ikichanganyika na mvua inakula chuma, manjanja ya papa ilishaoza mara mbili.

Muli naipa 3 na nusu ku 5. Nusu nimekata juu ya kupinda, moya juu ya kosyo: nilibakisha dola 30 kwake, akanirudishia 20, akisema simenti imekauka ndani ya chuma. Hapo nakubali nusu, siku mbili za mwisho tulisahau kupaka uile chafu ya pikipiki mbele ya kuanza. Ungekuwa mwangalifu zaidi yangu ungepata zote 30. Na wewe mwenye unaenda kukodi, beba ekeri yako, weka ndani ya muli ku pembe zote ine mbele ya kutoa hata franka moya, angalia pia matundu yanatoka bila kuvuta, na mupatane siku ya mvua na siku bila maji nani analipa. Maji jaza kwanza, ndiyo ukodi.

Mwenye muli alinipigia simu juma iliyopita, eti sasa iko na ya santimita 20, muzuri kwa sitene ya maji ya mvua. Sijamujibu. Lakini papa amekwisha kupima fasi nyuma ya dushi na miguu yake, na jana nilimusikia anahesabu mifuko.