Beseni la maji au leza: uanze na kipi kufundisha mawimbi na mwanga?

Kwa walimu wa fizikia huku Dodoma, mimi nasema anza na maji, leza ifuate. Chukua chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, weka maji ya kina kidogo, kiinue juu ya karatasi nyeupe afu washa tochi ya simu kwa juu, hapo mwanafunzi anaona vivuli vya mawimbi vinatembea kwenye karatasi. Gusa maji tena na tena kwa vidole viwili kwa pamoja, mawimbi yanakutana, kuna sehemu yanaongezeana nguvu na sehemu maji yanatulia kabisa, na hilo la kutulia ndo linawashangaza sana maana hawategemei wimbi jumlisha wimbi iwe kimya.

Leza nayo ina utamu wake. Bandika unywele mmoja mbele ya leza nyekundu, elekeza ukutani kama mita 2 hivi, badala ya kivuli unapata mstari wa vidoa vyekundu vyenye mapengo meusi, karibu sentimita 2 kutoka pengo moja hadi jingine. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alionyesha mawimbi ya mwanga yanaongezeana na kufutana hivi miaka ya 1800 mwanzoni bila leza yoyote! Ila kwa jua letu hili darasa lazima lizibwe madirisha kwa khanga nzito, na leza isimulikwe machoni kabisa, hilo simamia kweli.

Ukianza na leza wanaona vidoa tu, hawajui vimetoka wapi. Aliyeona maji yakitulia anaelewa yale mapengo meusi mwenyewe.