Fundi wa Ipogolo aliyenimalizia mchezo wa tairi za mbele kwenye Canter

Nina Mitsubishi Canter ya zamani, nabeba nyanya Ilula napeleka Dar, na kwa miezi miwili hivi tairi za mbele zilinitesa sana. Ukifika spidi 60 usukani unatetema mikononi, ukikanyaga breki gari inavuta kushoto, kwenye viraka inahama yenyewe unabaki unairudisharudisha tu. Kushuka mlima Kitonga na matenga juu ndo nilikua naogopa kabisa, manake zile kona na lile korongo sio pa kubahatisha.

Gereji ya kwanza, jina naliacha, walipiga jeki wakatikisa tairi mara moja wakasema beringi hiyo, wakakaza nati ya habu (kile kitovu tairi linapofungwa) mpaka mwisho, kweli mchezo, yaani ule ulegevu wa tairi, ukapungua nikalipa nikaondoka. Kufika Ruaha Mbuyuni nasikia harufu ya grisi inaungua, kugusa habu ya kushoto haishikiki kwa moto. Siku mbili mbele mchezo umerudi vilevile na beringi nayo imeshakufa. Sehemu nyingine wakaniambia ninunue tairi mpya mbili kisa zimeliwa upande wa ndani, bila hata kuuliza zimeliwa kwa nini.

Dereva mwenzangu ndo akanielekeza kwa huyu mzee wa Ipogolo, pale chini ya Iringa mjini barabara kuu inapopita. Nikamsalimia nikaanza, mzee beringi zangu za mbele, akanikata hapohapo, "Kijana wangu usinitajie ugonjwa, niambie gari inakusumbuaje." Nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho.

Sasa hapa ndo nilipomkubali. Akaweka magogo tairi za nyuma, akanyanyua mbele akaikalisha kwenye stendi, alafu akashika tairi mkono mmoja juu mmoja chini akatikisa, kulia inacheza kidogo, kushoto inacheza sana mpaka unasikia nko nko. Akashika ubavuni huku na huku, akasema tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, nzima usiguse. Akaniambia panda ndani kanyaga breki usiachie. Akatikisa tena: kulia mchezo umeisha, kushoto upo palepale. Akanieleza kwamba ukikanyaga breki, breki shuu zinabana dramu, kwahiyo habu na nako, kile chuma kinachobeba habu, vinakua kitu kimoja, beringi hata kama imelegea haiwezi kucheza tena, mchezo ukibaki basi uko nyuma yake kwenye kingipini, ile pini ambayo nako inageukia ukikata kona. Akanishika kidole akakiweka pale ekseli inapokutana na nako, kijana wake akatikisa, nikasikia chuma kinatembea kabisa chini ya kidole changu. Miezi miwili nahangaika, jibu limepatikana kwa dakika kumi na breki ya mguu.

Kingipini ilivyotoka, ukipitisha kucha unaikuta ngazi pale bushi, ile bomba pini inamokaa, ilipokua inasugua, na nipo ya grisi ya chini, kile kitundu cha kuingizia grisi, ilikua imeziba na tope gumu, yaani grisi haijafika huko siku nyingi. Alibadilisha kingipini pande zote mbili na bushi zake, bushi mpya zikishaingia zinabana hivyo akazipitishia rima, kile kifaa cha kupanua tundu, taratibu, anajaribu pini, anarudia, hataki kugonga kwa nyundo. Beringi za kushoto aliweka mpya na vikombe vyake, zile ringi za nje beringi inamozungukia, alikataa katakata kuweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani. Nati ya habu anakaza huku anazungusha habu kwa mkono ili beringi zikae sawa, alafu anailegeza kidogo, anasikilizia, ndo anaifunga. Kulia ilitosha kuosha, grisi mpya, sili mpya na kurekebisha hivyohivyo.

Na anawasimamia vijana wake kweli, mmoja alitaka kufungua nati za tairi la kushoto kama kawaida akamzuia, manake hizi Canter za zamani nati za kushoto zinafunguka kinyume, ukilazimisha unakata stadi, yaani bolti inayoshika nati.

Mabaya yapo. Kazi ilichukua siku moja na nusu na mzigo ulikua unanisubiri Ilula. Kivuli hakuna, unakaa juani. Spea unaenda kununua mwenyewe, yeye anakuandikia tu kwenye kipande cha boksi. Mashine ya alaimenti, ya kupima kama tairi zimenyooka, hana, alipima kwa tepu mbele na nyuma ya tairi akaweka sawa, alafu mwenyewe akanituma mjini nikahakikishe kwenye mashine. Ufundi nililipa 90,000, kuna watakaoona kubwa, mimi kwa vile sikununua tairi ambazo zingeliwa tena naona ni halali yake.

Nimeshaenda Dar mara nne. Usukani umetulia hata kwenye 80, Kitonga nashuka na gia yangu taratibu moyo uko mahali pake. Tairi za zamani zinavuma kidogo kwa vile zilishaliwa, nitazibadilisha sasa nikijua mpya zitadumu. Baada ya safari ya kwanza alinitaka nirudi akakaza nati za tairi upya, hakuchukua hata mia.

Ukienda fika mapema, saa moja asubuhi hivi, ikigonga saa tatu malori ya njia ya Tunduma yanakua yameshajaa pale, na gari iwe haina mzigo, yenye mzigo hainyanyui.