Dokta apewe maua yake, lile dirisha la dawa lifungwe

Anayetaka kujua bei na saa za kufungua akaulize mwenyewe. Mimi kilichonileta hapa ni bahasha moja ndogo ya kaki, na hasira hazijanitoka bado. Jina la kliniki hiyo ya wanyama nalihifadhi. Wafugaji wa Arusha mtajijazia.

Mbwa wangu anaitwa Meja, German Shepherd dume, kilo 42 alipopimwa mara ya mwisho. Ana kifafa. Msicheke, mbwa wanaugua kifafa, na hii jamii yake wakishikwa huwa wanashikwa kwelikweli, kimoja hakijaisha vizuri kingine kinaingia. Alianza akiwa na miaka miwili na kitu. Alikuwa kibarazani kwetu hapa Njiro, akaanza kuukodolea macho ukuta, taya zikagongana, povu likamtoka, akaanguka ubavu huku miguu yote minne ikichapa hewani kama anakimbia, na mkojo ukamtoka palepale. Mlinzi wetu, kijana wa Kimaasai ambaye fisi hamtishi, alikuwa ameshapanda juu ya ukuta: "Yeyo, toka hapo! Huyo ameshikwa na kichaa!" Jirani mmoja akaja mbio na kitunguu amnusishe. Mwingine akaleta kijiko amtie mdomoni. Wa tatu akauliza nani ana bunduki. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ninayo na imegongwa mihuri kila mwaka, lakini nani anasoma kadi saa hiyo?

Ndipo nikaelekezwa kwa huyu dokta, na hapa lazima niseme haki. Sijawahi kuhojiwa vile hata mimi mwenyewe nikiwa mgonjwa. Alianza lini, alikuwa amelala au anacheza, ilichukua muda gani, baada ya hapo alifanyaje. Alipata chanjo ya distempa? (Ule ugonjwa ulioua simba wengi Serengeti mwaka 1994, nao huleta degedege kwa mbwa.) Tunamuogesha na nini? Maana huku kwetu mtu ana kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, anakoroga kwa kukisia na kummwagia mbwa, halafu mbwa akitetemeka anaambiwa karogwa. Meja hakuwa na hayo. Dokta akasema umri alioanzia, na kwamba kati ya kifafa na kifafa yuko mzima kabisa, vyote vinaelekea kwenye kifafa cha kurithi, kile ambacho huwaanza mbwa wengi kati ya miezi sita na miaka sita.

Akanifundisha mambo ambayo leo hata mlinzi anayajua kwa moyo. Mkono haukaribii mdomo, mbwa hamezi ulimi wake, ila vidole vyako atavikata bila kukusudia. Msogeze mbali na ngazi, zima redio na taa, tazama saa. Kikichukua muda mrefu mwili unachemka, mlowanishe maji ya kawaida. Kikipita dakika tano, au vikirudi zaidi ya kimoja ndani ya saa ishirini na nne, hiyo ni dharura, piga simu. Dawa ni fenobabitoni, miligramu 100 asubuhi na 100 jioni, saa kumi na mbili zikipishana. Itachukua kama wiki mbili kutulia mwilini, na damu itapimwa kila baada ya miezi sita kuangalia ini. Akarudia mara nyingi mpaka nikachoka: dawa hii haikatwi ghafla wala haipunguzwi kwa kubahatisha. Mwili ukishaizoea ukaikosa, kifafa kinarudi kwa fujo kuliko mwanzo.

Na kila alichosema kilitokea. Wiki za mwanzo Meja alitembea kilevi, miguu ya nyuma haimtii. Alikunywa maji ndoo nzima akakojoa bustani yote. Njaa ndiyo usiseme: alikula ugali wake, akala pumba za kuku, akaanza kula ufagio. Halafu akatulia. Miezi ikapita bila kitu. Wakati ule mngeniuliza ningewapa nyota zote zilizopo na nyingine ningeazima.

Sasa njooni dirishani.

Masika yalikuwa yameshaanza, vidonge vinakaribia kwisha, nikaenda kuchukua vingine. Dokta hayupo, yuko Monduli kwenye ng'ombe za watu. Dirishani kuna kijana na simu yake. Shikamoo hamna, nikamuanza mimi: "Hujambo mwanangu." Hakuinua uso. "Dawa gani?" Nikampa cheti kilichoandikwa na dokta, miligramu na kila kitu. Akaenda ndani, akarudi na bahasha ya kaki, akaandika juu yake kwa peni "1x2", akanisukumia. Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna jina la mbwa, hakuna miligramu.

Nikafungua palepale. Vidonge vidogo.

"Mwanangu, mbona hivi ni vidogo? Vile vya kwanza vilikuwa vikubwa."

"Kampuni tofauti, mama. Fenobabitoni ni fenobabitoni."

"Miligramu ni zilezile?"

Hapo ndipo akaniangalia. "Mama, kwani wewe ni daktari?"

Kwenye benchi alikuwepo mzee na boksi la vifaranga na dada mmoja mwenye paka kwenye kikapu. Wakacheka. Nikaomba nioneshwe kopo lenyewe. Akasema wateja hawaoneshwi makopo. Halafu akaongeza, na hili ndilo limenifanya niandike: "Halafu mama, huyo ni mbwa. Siyo mtoto."

Jamani. Nimelipa hela, sikuomba sadaka. Mbwa au mtoto, dawa ina kipimo! Na nyumbani vidonge vilivyobaki ni vya siku ile tu, na dokta keshanikataza kukatiza. Simu ya dokta huko Monduli haipatikani. Nikachukua.

Siku kadhaa mbele, jioni, Meja akaanza tena kuukodolea macho ukuta. Kikaja kimoja kifupi. Kabla ya usiku wa manane cha pili. Cha tatu kikaja umeme umekatika, mvua inapiga bati, na hicho hakikuisha. Mlinzi kashika tochi, mimi nimeshika saa, zikapita dakika tano, mwili wa yule mbwa umechemka unausikia hata kabla hujamgusa. Tukammwagia maji. Nikapiga simu nikijua hakuna atakayepokea saa ile.

Akapokea. Akaja kwa pikipiki kwenye mvua ile, buti za mpira, koti linatiririka, na bomba la sindano lisilo na sindano. Dayazepamu hiyo, dawa ya kukatiza kifafa, akampa kwa njia ya haja kubwa, maana mdomoni huwezi na mshipa hauupati kwa mbwa anayerusharusha miguu. Tukakaa naye sakafuni mpaka miguu ikalala. Alipoamka alikuwa haoni, anagonga sufuria na miguu ya meza, kisha akaanza kutafuta chakula. Huwa hivyo, na hupita.

Ndipo dokta akaomba aone dawa. Akamimina vidonge kiganjani, akamulika, akageuza kimoja upande huu na ule. Akanyamaza.

"Mama, hivi ni vya thelathini."

Fanyeni hesabu wenyewe. Meja alitakiwa kupata miligramu 200 kwa siku, alikuwa anapata 60. Ndiyo ile kukata dawa ghafla niliyokatazwa, nimekatiwa na dirisha la mwenye kunikataza. Nikamuuliza kwa nini yule kijana bado ana kazi. Dokta akaangalia buti zake. "Mama, huyo ni shemeji yangu."

Sasa mniambie, hapo ninatoa nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa sifuri. Nilipofika kwenye ile pikipiki nikasema hapana, mtu anayeacha kitanda chake kwa ajili ya mbwa wa mwenzake hapewi sifuri. Kisha nakumbuka shemeji. Dokta huyu anajua kifafa, lakini kujua kwake kunaishia mlangoni mwa chumba chake. Baada ya hapo unakabidhiwa kwa ukoo.

Vidonge sikununua tena pale. Nilienda na cheti duka la dawa la binadamu mjini, maana hii ni dawa inayodhibitiwa, bila cheti hupewi. Dada wa pale akauliza jina la mgonjwa. Meja. Meja nani? Meja tu. Umri? Miaka minne. Akasoma dozi, akashtuka: "Mtoto wa miaka minne, mia kwa mara moja?" Nikamweleza ni mbwa wa kilo 42. Akacheka, akampigia dokta kuhakikisha, ndipo akaandika kwenye pakiti: jina la dawa, miligramu, saa. Yaani mbwa wangu kaheshimiwa zaidi kwenye duka la watu kuliko kwenye duka la mbwa. Na huyo dada hakuniuliza kama mimi ni daktari.

Kwa hiyo nendeni kwa dokta, mwambieni historia yote, mtasaidika. Dirishani msinunue hata dawa ya minyoo. Au nunueni mkiwa na dokta mwenyewe kasimama pembeni. Hapana, msinunue.

Juzi nimeletewa bili. Dayazepamu na mafuta ya pikipiki nimeshamlipa dokta mkononi, na nikamuongezea. Lakini kuna mstari mwingine, "huduma ya dharura usiku", na mwandiko ni uleule wa "1x2". Huo silipi. Shemeji akiutaka sana aje Njiro auchukue mwenyewe. Meja yuko getini, na dozi anapata yote.