Kupro: uchumi wa kusini au wa kaskazini?
Kisiwa cha Kupro kimegawanyika sehemu mbili zenye tawala tofauti, kusini na kaskazini. Kwa gharama, kaskazini huonekana nafuu kwa kuwa hutumia lira ya Uturuki, ambayo imeshuka thamani mno. Lakini kodi ya nyumba mara nyingi hutajwa kwa pauni ya Uingereza, na hapo unafuu huyeyuka. Kusini, iliyoanza kutumia yuro mwaka 2008, bei ziko juu ila hazitikisiki sana, ingawa mwaka 2013 wateja wa benki zake mbili kubwa wenye amana zilizozidi yuro 100,000 walikatwa fedha zao. Anayeuza bidhaa Ulaya atapendelea kusini, kwani kaskazini inatambuliwa kuwa nchi na Uturuki pekee na ndege zake hupitia huko. Mwenye kipato cha fedha za kigeni, asiyehitaji masoko hayo, huenda kaskazini ikamfaa.