Dedeaux au Bertman: kocha yupi bora zaidi?

Kwa makombe, Rod Dedeaux hagusiki katika besiboli ya vyuo Marekani: mataji 11 ya taifa akiwa kocha wa USC, chuo cha Los Angeles, kati ya 1942 na 1986, matano yakifuatana, 1970 hadi 1974. Skip Bertman, kocha wa LSU, chuo cha Louisiana, alibeba 5 tu, lakini kwa misimu 18. Piga hesabu ya mataji kwa msimu: Bertman alikuwa na kasi zaidi, na ndiye ninayempa kura yangu.

Dedeaux alikuwa na kampuni yake ya malori, basi chuo kilimlipa dola 1 kwa mwaka. Kocha kama huyo utamtishia kibarua gani? Bertman ukocha ndio uliomlisha.

Wote wawili walipindua meza Omaha, mji wa fainali za taifa. Mwaka 1973, USC waliingia awamu ya 9, ya mwisho, wakiwa nyuma 7–0 dhidi ya Minnesota, wakatoka na 8–7. Fainali ya 1996 dhidi ya Miami, LSU walikuwa nyuma 8–7 katika awamu ya 9, wawili wameshatolewa; akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Warren Morris, ambaye msimu mzima hakuwa amevusha uzio hata mara moja, akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa, ukavuka, na LSU wakashinda 9–8. Wachezaji wa Miami wakalala kifudifudi uwanjani.