Chungu cha chuma cha Lodge, inchi 12: kuoka matunda kwa mkaa

Anayejua kupalia wali ameshajua nusu ya kazi. Chungu hiki cha kampuni ya Lodge ya Marekani kinaongeza mfuniko wenye ukingo, makaa yasiporomoke, na miguu mitatu inayoacha nafasi ya moto chini.

Kwa kobla ya pichi, yaani tunda chini na kinyunya juu (embe ambalo halijaiva sana nalo linafaa), panga briketi (vipande vya mkaa ulioshindiliwa, vya ukubwa mmoja) 8 chini kwa duara, katikati pabaki patupu, na 17 juu ya mfuniko. Hapo unapata takriban nyuzi 175 za Selsiasi. Makosa mengi huanzia chini: sukari na maji ya tunda huungua kabla kinyunya hakijaiva. Changanya vikombe 6 vya matunda na vijiko vikubwa 2 vya konflawa, kisha kila dakika 15 zungusha chungu robo duara, na mfuniko uuzungushe vivyo hivyo kwa upande wa kinyume. Dakika 40 hadi 45 zinatosha. Mkaa wa kawaida haulingani ukubwa, kwa hiyo hesabu hiyo haitafaa, tumia jicho.

Kasoro? Kizito mno kubebwa mbali. Na usilaze mabaki humo, ukali wa matunda hula utando wa mafuta yaliyokaushwa kwa moto unaokinga chuma, na kutu ikafuata.